Birika Lisilo na Kifuniko

Mtembeza wageni wa makumbusho alisimama mbele ya birika jeupe la kauri, lililowekwa peke yake ndani ya kabati la kioo.

"Kifuniko chake kiliibwa humu humu, zamani sana," alisema. "Kilikuwa na ndege mdogo juu, mdomo umevunjika. Mwizi hajajulikana hadi leo."

Kati ya wageni, mkaza mwana mmoja aliyekuja na mama mkwe wake aliinua macho ghafla. Alikuwa amemshika ndege huyo asubuhi hii hii, akifunua kopo la sukari jikoni kwa mama mkwe huyo.

Akamtupia jicho mkwewe. Bibi wa watu alikuwa ameapa hakanyagi humu, eti mapambo yanamtia kizunguzungu, mpaka mjukuu alipomlilia. Sasa kucha zake zilikuwa zimezama kwenye mkono wa mkaza mwana.

"Mwanangu, twende zetu. Miguu inaniwaka moto."

"Twende, mama."

Wakageuka kumtafuta mtoto. Alikuwa mbele ya wageni wote, pua ameibandika kwenye kioo, akilikodolea macho birika. Kisha akanyoosha kidole juu kama yuko darasani, uso umemchangamka.

Mtembezaji akainama, akitabasamu.

"Haya, binti. Sema kwa sauti, wote tusikie."