Ngiri na Madaraja Yake Mawili

Hapo kale, wanyama walipokuwa wakiinua magogo kwa mashindano tu, palikuwa na Ngiri mwenye nguvu asiyejua nguvu zake ni kiasi gani.

Alikwenda kwenye chama cha wainuaji wa ridhaa, akainua gogo la mninga mbele ya mwamuzi Kobe, ambaye halimpiti kosa.

"Goti la nyuma halikunyooka," akasema Kobe. "Daraja la mwisho."

Ngiri akalibeba gogo lilelile hadi chama cha wainuaji wa kulipwa, kwa mwamuzi Fisi, mpenda shangwe. Fisi hata hakutazama magoti.

"Bingwa wa nyika nzima," akatangaza.

Ngiri akarudi nyumbani kichwa kikimzunguka, akakuta gogo jingine limeanguka na kuziba mlango wa shimo lake.

"Baba Kijungu, tuinulie, watoto wanakosa hewa," mkewe akaita kutoka ndani.

Ngiri akainama, kisha akasita. Kama yeye ni bingwa, litainuka. Kama ni wa daraja la mwisho, litamvunja shingo.

"Subirini kwanza nikaulize," akasema, akatimua mbio.

Alirudi na waamuzi wote wawili, wakibishana njia nzima juu ya magoti. Wakakuta gogo liko pembeni, na mkewe amekaa mlangoni akiwapangusa watoto vumbi.

"Mama Kijungu," akauliza Ngiri, "umeliinua kwa kanuni za chama gani?"

Mkewe hakugeuza uso. "Sijui. Gogo halikuniuliza."