Faini ya Fizikia

"Mzee, binti yako hana vigezo," alisema dada wa steshenari, anakoombewa chuo, macho kwenye kompyuta. "Shahada ya maabara inataka Kemia, Biolojia na Fizikia. Fizikia amepata F."

Ngassa aliyahesabu kwa vidole. Masomo mawili kafaulu vizuri, sasa hilo moja lina ugomvi gani na mwanawe? Kijijini kwao aliyekosa hutozwa ng'ombe, watu wakala, yakaisha. Ndiyo maana alfajiri alimswaga mtamba wake mpaka Shinyanga mjini. Lakini hapa hakuna aliyetaka kumpokea.

Akatoka nje. Binti yake alisimama katikati ya bajaji zilizoegeshwa, ameshika kamba ya mtamba. Nyuzi za katani zilikuwa zimemchoma viganja vikawa vyekundu.

"Baba, nilikwambia. Fizikia hailipwi kwa ng'ombe."

"Kwani mwalimu wa hiyo Fizikia ulimkosea nini?"

"Mwalimu yupi, Baba? Tangu kidato cha tano hatukuwahi kuletewa mwalimu wa Fizikia."

Ngassa aliitazama ile mikono, akamtazama mtamba, akageuka kutazama mlango aliotokea.

"Mrudishe huyu zizini," alisema. "Wasioleta mwalimu ndio waje na wa kwao."