Nimesikia, Mwanangu

Révérien alivua glovu kwa meno, maana vidole vya mkono wa pili vilikuwa vimekufa ganzi. Baridi ya Julai ya Johannesburg haina mvua wala huruma, inauma kavukavu tu. Akafungua sanduku la umeme chini ya mlingoti wa king'ora, akachomoa fyuzi, akaitia mfukoni mwa jaketi. Ndiyo sheria ya kazi: fyuzi ikae na mwenye mikono ndani ya sanduku, asije mtu akawasha kutoka ofisini, fundi akapigwa shoti.

Alisugua kutu kwenye betri, akakaza nati ambazo hakuzihisi. Nyuma yake ulisimama ukuta wa bwawa la tope la mgodi wa zamani. Wiki hiyo ulikuwa umeanza kuvuja.

Bosi alikuwa amesema wazi asubuhi: king'ora kikijaribiwa kikasikika mpaka vyumba vya mwisho vya mtaa ulio chini ya ukuta, watu wabaki majumbani mwao wakati ukuta unatengenezwa. Kisiposikika, wote wahamishwe leo leo.

Chumba kilichokaribia ukuta kuliko vyote kilikuwa cha Mama Spéciose, Mrundi mwenzake. Humo ndimo alimoshinda Belyse, binti wa Révérien mwenye miaka minne, baba akiwa kazini, na akichelewa mtoto hulala humo humo. Mama wa mtoto, Annick, walimzika majira kama haya mwaka jana. Tangu siku hiyo Révérien halii, hacheki. Anafanya kazi, anakula, analala. Watu husema amepoa. Hakupoa, alikuwa hahisi tu.

Akafunga sanduku, akapuliza vidole bila faida yoyote, akapanda pikapu.

Ofisi iko mbali, kule mtaa wa Observatory, nyuma ya vilima, ambako king'ora hakisikiki hata kidogo. Alibonyeza kitufe. Taa ya kijani ikawaka, maana yake amri imetumwa, basi. Kama kimelia au hakikulia, hilo huulizwa walio kule chini.

Akaanza na Ishaka wa Tanga, mwenye spaza, duka dogo pale kwenye kona. Kwenye jaribio la mwezi wa tano Ishaka alisema hakusikia vizuri, na bosi akamfokea Révérien mbele ya wafanyakazi wote, kwamba ikitokea tena atafute kazi kwingine. Habari ilifika mtaani kabla yake. Jioni ile Ishaka alimfuata hadi mlangoni. "Nisamehe, kaka. Ningejua wanakusakama hivyo! Sisi huku ugenini tunabebana."

Tangu hapo mambo yalinyooka: kila jaribio, wote walisema wamesikia.

"Ishaka, mmesikia?"

"Tumesikia, kaka. Kimelia mpaka wateja wamegeuka. Sharp!"

Akampigia Mama Spéciose. Nyuma ya sauti yake redio iliimba polepole, nyimbo za kanisa.

"Mama, shikamoo. Umesikia?"

"Ego, mwanangu, nimesikia."

"Niambie ukweli, mama. Leo siyo kama siku zote. Ukuta unavuja."

"Eish, nawe! Nikudanganye nini? Kimelia vizuri sana, kuliko siku zote. Hata Belyse ameziba masikio, maskini."

Révérien akamwona mtoto kwa mawazo, viganja viwili vidogo masikioni, macho ameyafumba kama afanyavyo akioshwa nywele. Kitu kikamgusa kifuani. Kilikuwa kidogo, lakini alikitambua, maana kilikuwa hakijapita pale mwaka mzima.

"Asante, mama. Mpe pole. Nitachelewa, mlaze huko huko."

"Usijali. Fanya kazi yako, mwanangu. Mungu akulindie kazi yako."

Bosi alikuwa mlangoni na koti lake, anasubiri jibu.

"Wamesikia?"

"Wamesikia, bosi. Mpaka chumba cha mwisho."

"Basi wabaki." Akapiga simu moja fupi, na malori ya kuhamisha watu yakaambiwa yarudi. Akamgonga Révérien begani, jambo ambalo hajawahi kulifanya, akaondoka.

Révérien alikaa karibu na hita. Joto likaanza kuingia kwenye vidole, kwanza kwa kuwasha, kisha kwa kuchoma, mpaka akauma meno. Ilimfurahisha hata hivyo. Afadhali maumivu kuliko kutohisi kitu. Midomo ilikuwa imepasuka kwa baridi, akatia mkono mfukoni mwa jaketi kutafuta mafuta ya kupaka.

Vidole, sasa vizima, vikagusa chuma baridi.

Akaitoa fyuzi, akaiweka mezani mbele ya taa ya kijani.