Nyumba ya Watu Wanne

Kwanza yalihama magodoro, kisha mzee, mwisho watoto. Safari yenyewe ilikuwa fupi: kutoka mlango wa mshonaji hadi mlango wa jirani yake, mkunga mstaafu, ghorofa ileile, ukuta mmoja kati yao.

"Polepole, mkwe wangu, mimi si gunia," mzee alilalamika huku akikohoa.

Mkunga alimshika mkono. "Kohoa sasa hivi umalize, baba. Akija huyo afisa kukagua nyumba, kikohozi ukimeze."

Watoto watatu wa marehemu dada yake mshonaji walicheka. Kwao ulikuwa mchezo.

Kwa mshonaji haukuwa mchezo. Nyumba hizi zilikuwa za manispaa, za kodi nafuu, na mkataba ulisema wazi: vyumba viwili, watu wanne. Yeye, mumewe na watoto wao wawili, basi, nafasi imejaa. Lakini dada yake alipofariki, watoto wangekwenda wapi? Na baba mkwe alipoanza kusahau njia ya kurudi kwake, angeachiwa nani? Wakawa wanane. Magodoro yaligusana, na aliyetaka kwenda msalani usiku aliomba radhi njia nzima.

Wiki iliyopita lori la manispaa lilikuja kuchukua familia ya seremala wa ghorofa ya chini, nayo ilikuwa kubwa kuliko yao. Wapagazi walibeba kabati taratibu kana kwamba wanabeba mgonjwa. Mke wa seremala alikuwa akilia. Hakuna aliyemuuliza kitu. Watu waliogopa hata kufungua milango.

"Wamefurushwa kistaarabu," mtu mmoja alisema, na neno hilo likapanda ngazi hadi juu.

Nyumba za watu binafsi zilikuwa na kodi isiyoshikika. Kwa cherehani moja na mshahara wa mume anayelinda ghala, wakitolewa hapa hawakuwa na pa kwenda.

"Na wewe ukikaguliwa?" mshonaji alimuuliza mkunga.

"Mimi? Kikongwe anayeishi na redio? Nani ana muda na mimi? Na wakiniuliza, nitasema hawa wote ni wangu. Nimekuzalisha mara mbili, nishindwe kukusitiri asubuhi moja?"

Afisa wa nyumba alikuwa msichana mwenye viatu vilivyojaa vumbi. Alisalimia kwa adabu, akakataa kiti. Alitazama chumba cha kwanza, akaingia cha pili, akarudi tena cha kwanza.

"Mnaishi wangapi hapa, mama?"

"Wanne."

"Wanne tu?"

"Wanne tu, dada. Kama mkataba unavyosema."

Afisa hakuonekana kuridhika. "Mimi niliambiwa mko wengi. Niambie ukweli tu. Ukinificha, sitaweza kukusaidia."

Maneno ya namna hiyo mshonaji aliyajua. Ndiyo watu wa ofisini wanayokuambia ukikaribia kunaswa.

"Wangekuwepo ungewaona. Au unadhani nimewashonea ndani ya pazia?"

Afisa hakucheka. Akafunga kalamu yake na kuvuta pumzi, kama mtu aliyekata tamaa.

Ndipo mzee akakohoa. Kilikuwa kile kikohozi chake kirefu, kinachoanzia kwenye nyayo. Ikafuata sauti ya mtoto, "Babu, shhh!", kisha vicheko vilivyozibwa kwa viganja.

Afisa aligeukia ukuta. "Huko anaishi nani?"

Mshonaji alifungua mdomo, na woga ukasema kabla yake.

"Jirani. Yule ana watu wengi mno."

Afisa alishukuru, akatoka. Mara hodi yake ikasikika mlango wa pili.

Mshonaji alibaki amesimama palepale. Amefanya nini? Mwanamke aliyewapokea wanawe duniani bila kudai hata nauli, na leo akawapokea wengine bila kuulizwa mara mbili, ndiye huyo aliyemtupa mdomoni mwa mamba. Alisogea ukutani. Upande wa pili afisa aliuliza kitu kwa sauti ya chini.

"Ndiyo, mwanangu," mkunga alijibu. "Ni wangu."

Afisa akauliza tena.

"Wote. Na huyo mzee pia."

Mshonaji aliketi kwenye cherehani, akainuka. Akilini alimwona mkunga akishuka ngazi na redio yake kwapani, kuelekea kwenye lori. Hapana. Bora watupwe nje wao wanane kuliko yule mmoja kwa ajili yao. Akatoka ukumbini peku.

Afisa alikuwa anatoka kwa mkunga huku akijifuta macho.

"Dada, nimekudanganya," mshonaji alisema. "Wale watoto ni wangu mimi. Na yule mzee ni baba mkwe wangu. Humu tuko wanane. Mama mkunga anaishi peke yake. Wanaotakiwa kuondoka ni sisi, si yeye."

Afisa alimtazama. Upole wote ukamtoka usoni.

"Kumbe ulikuwa unasikiliza ukutani," alisema. "Nyumba ya vyumba vinne ilibaki moja tu, na nimeshampa yule bibi wa watu. Ndiyo maana hatukutangaza kwamba tunawahamishia nyumba kubwa zaidi walio wengi, kama yule seremala. Tulijua tu mtaanza kuazimana watoto."