Alama ya Nadra

Siku hizi kila mtu ana kidude cha kumbukumbu kichwani, na kila kumbukumbu hubandikwa alama: za kila siku hukaa karibu, za nadra hutupwa mbali.

Bi Mwanakheri alipiga hodi kwa mwanawe, Shee. Shee akafungua, akamkodolea macho kama anayemtazama mchuuzi wa sabuni, mpaka kumbukumbu ikafika.

"Aa, mama. Shikamoo. Nilikuweka kwenye nadra, kichwa kiwe chepesi."

Mezani aliwataja wachezaji wote wa timu yake bila kusita, mchuzi ukimchuruzika kidevuni. Bi Mwanakheri akaisukuma sahani.

"Afadhali wewe, mama," mke wa Shee akamnong'oneza. "Mimi hunikumbuka akishashiba."