Kanu na Paa Lisilo na Masizi

Kanu, mnyama mtanashati, alijenga nyumba ya udongo, akaiezeka kwa nyasi na kuipaka chokaa. Kwa kuogopa masizi hakuwasha moto ndani, wala hakukaribisha mgeni, maana mgeni hupikiwa.

"Nyumba yako nyeusi kama chungu," alimwambia jirani yake, panya Buku, ambaye wageni hawakumwishia.

"Nitafanyaje, bwana? Wageni lazima wale," Buku akajibu.

Masika yalipoanza, paa la Kanu likaanguka. Mchwa walikuwa wametafuna fito zote. Akaenda kwa Buku, amelowa chapachapa.

"Mbona kwako mchwa hawaingii?"

"Mchwa ni kama wewe, bwana, hawapendi moshi," Buku akasema, akimsogezea kigoda karibu na jiko.

Kanu akakaa, akala. Masizi yalipomdondokea mabegani, hakuyapangusa.