Kocha wa Maisha

Mkuu wa shule alipotamka "kocha wa maisha", wanafunzi walishangilia mpaka mabati yakatetemeka. Kocha Lwitiko peke yake alisikia neno jingine: kifungo.

Barua ya kuacha kazi ilikuwa mfukoni mwa traksuti yake. Jana alimwahidi mkewe kwamba ataisoma leo, mbele ya watu, asije akabadili nia tena. Mama Tusa alikaa safu ya mbele na kitenge chake kipya, mkoba mapajani, akidhani wameitwa kuagwa.

"Hatukuachii, Kocha!" Mkuu akacheka, akamvika shingoni kipenga cha shaba. "Wewe ni wetu mpaka tukuzike. Haya, tupulizie!"

Mama Tusa aliinamisha kichwa. Nyumba yao ilikuwa nyuma ya uwanja, na kwa miaka ishirini na miwili alimfuata mumewe kwa sikio. Kipenga kimoja, mchezo umeanza, watoto watakula bila baba. Vitatu virefu, mchezo umekwisha, naye hubandika chai.

"Puliza! Puliza!" shule nzima iliimba.

Kamba ilimkaba. Angesema nini, na kelele zote zile? Akapuliza mara moja, kirefu. Wanafunzi wakaruka kwa furaha.

Kabla hawajatulia, akapuliza tena, kirefu kama kile cha kwanza.

Makofi yakapungua. Mama Tusa akainua kichwa, mkono wake ukitafuta mkanda wa mkoba.

Kocha Lwitiko akavuta pumzi.